Laptopu ya Zamani Imelemewa: Urudi Windows ya Nyuma au Uiache Ilipo?

Kuna ombi ambalo mafundi wa kompyuta wa Mtwara mjini wamelizoea: "Fundi, nitolee hii Windows 11, nirudishie ile ya zamani, ilikuwa nyepesi." Fundi anapokea hela, anapiga Windows (yaani anaiweka upya), laptopu inakwenda vizuri wiki mbili tatu, halafu inaanza kuganda kama ilivyokuwa. Mwenye laptopu anamlaumu fundi, fundi anailaumu laptopu.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye mashine ya miaka sita hadi kumi na mbili ambayo bado anaitegemea: mwalimu wa Newala anayepanga matokeo, karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) Tandahimba mwenye orodha ya wakulima na kilo zao, mwanafunzi wa chuo cha STEMMUCO, Mtwara, anayeandika utafiti, mama mwenye steshenari Nachingwea. Msimamo wangu nautanguliza. Mara nyingi kinacholemea ni diski ya zamani na RAM (kumbukumbu ya kazi) ndogo, wala si Windows mpya, na kurudi nyuma bila kugusa hivyo viwili ni sawa na kubadilisha dereva wa gari ambalo rejeta yake imetoboka. Sababu za kweli za kurudi nyuma zipo, ila ni chache, na tutazifikia.

Hatua ya 1: Ijue mashine yako

Shika kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R. Kidirisha kidogo kitafunguka. Andika winver, kisha bonyeza Enter. Utaona kama ni Windows 10 au 11, na toleo lake, mfano 22H2 au 23H2. Liandike pembeni. Rudia, safari hii andika msinfo32. Humo tafuta mistari mitatu: Processor, Installed Physical Memory (yaani RAM) na BIOS Mode.

Jina la prosesa, ubongo wa kompyuta, ndilo lenye habari nyingi. Kwa Intel, tazama tarakimu zinazofuata baada ya kistari: i5-4300U ni kizazi cha 4, i5-6300U cha 6, i5-8250U cha 8, i5-10210U cha 10. Kizazi hicho ndicho umri halisi wa laptopu yako, hata kama uliinunua juzi ikiwa kwenye boksi linalong'aa.

Kizazi kina maana kwa sababu Windows 11, iliyotoka 5 Oktoba 2021, ilikuja na masharti: RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, UEFI (mfumo mpya wa kuwashia mashine, ndio unaotakiwa kusomeka kwenye BIOS Mode) yenye Secure Boot, na kwa upande wa Intel, kwa ujumla kizazi cha 8 kwenda juu. Sasa tazama laptopu za mtumba zinazoshuka huku kwetu, hasa hela ya korosho inapokuwa mitaani na wazazi wanawanunulia watoto wanaokwenda chuo. Utakuta nyingi ni za kizazi cha 4 hadi cha 6, na muuzaji ameshazipiga Windows 11 kwa kuyaruka masharti hayo. Zinaonekana mpya, zinauzika. Mnunuzi haambiwi kinachofuata.

Kinachofuata ni kwamba mashine ya namna hiyo haipelekwi yenyewe kwenye matoleo makubwa ya kila mwaka. Inabaki ilipopigwa. Na kila toleo la Windows 11 lina siku yake ya mwisho: 23H2 ya Home na Pro ilikoma kupata masasisho ya usalama 11 Novemba 2025, na 24H2 inakoma 13 Oktoba 2026. Kwa hiyo yupo mtu Masasi anajivunia Windows 11 wakati toleo alilonalo halina ulinzi, sawasawa na mwenzake mwenye Windows 10 iliyotelekezwa. Mashine kongwe zaidi, kama zile za Core 2 Duo, hazifunguki kabisa kwenye 24H2, kwa sababu prosesa zake hazina amri ambazo toleo hilo linazidai.

Ukiona winver inasema 23H2 na prosesa ni ya kizazi cha 5, umeshapata nusu ya jibu lako.

Hatua ya 2: Mkamate mkosaji

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, na ndipo watu wengi wanapoparuka.

Washa laptopu, iache dakika kumi bila kuigusa. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Nenda kwenye Performance. Tazama vitu vitatu: CPU, Memory na Disk. Fungua sasa kazi zako za kawaida, yaani kivinjari chenye kurasa tano sita, Excel, na WhatsApp kama unaitumia kwenye kompyuta. Endelea kutazama.

Disk ikikaa kwenye asilimia 100 huku wewe hufanyi kitu cha maana, na chini yake pameandikwa HDD, mkosaji ni diski. Diski ya HDD ina sahani inayozunguka na sindano inayotembea juu yake. Windows 10 na 11 zote mbili zinasoma na kuandika vipande vidogovidogo mfululizo, na sindano haiwezi kuwa kila mahali. Ukirudi kutoka 11 kwenda 10 utapunguza mzigo kidogo tu, sindano ni ileile. Ukiweka SSD, diski isiyo na sahani wala sindano, hata ya GB 240 ya kawaida, laptopu iliyokuwa inachukua dakika nne kuwaka huweza kuwaka chini ya dakika moja. Hakuna toleo la Windows litakalokupa hicho.

Memory ikipita asilimia 85 kabla hujafungua kitu kizito, tatizo ni RAM. GB 4 ndiyo kima cha chini kwenye karatasi, lakini kwa mtu anayefungua kivinjari na Excel pamoja ni njaa. Lenga GB 8. Kabla ya kununua, fungua mfuniko au mwombe fundi akuonyeshe: laptopu za kizazi cha 4 na cha 5 kwa kawaida zinataka DDR3L, ile ya volti 1.35, na za kizazi cha 6 kwenda juu nyingi zinataka DDR4. Hizi haziingiliani. Nyembamba nyingine zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi, hapo huongezi kitu.

CPU ikiwa juu na feni inaunguruma, gusa upande unaotoa hewa. Ukiungua, usiwaze Windows kwanza. Huku pwani kuna joto, kuna vumbi, na kuna hewa ya chumvi inayoshika vumbi likawa kama zulia kwenye feni. Prosesa ikizidiwa na joto inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Safisha feni, badilisha ile dawa ya kupozea iliyo kati ya prosesa na bomba la shaba. Kazi ya saa moja kwa fundi mwenye mkono mwepesi.

Bado kuna ugonjwa wa diski yenyewe. Pakua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ni ya bure. Ikiandika Caution au Bad, acha kila kitu na uhamishe mafaili yako leo. Diski inayokufa ikipigwa Windows upya inaweza kumalizikia hapohapo mezani, katikati ya kazi.

Mazungumzo kwenye kibanda huwa yanakwenda hivi:

"Shikamoo mwalimu. Hii diski yako ni HDD au SSD?"

"Marahaba. Mimi mambo hayo siyajui, mwanangu. We nirudishie Windows 10 tu."

"Sawa mwalimu, lakini tuitazame dakika tano kwanza. Ikiwa diski ni nzima, naipiga bila kubishana."

Fundi anayekataa hizo dakika tano, mhame.

Kabla hujaondoka kwenye Task Manager, pitia pia Startup apps. Zima yanayojiwasha yenyewe bila sababu: Teams, Spotify, vifaa vya mtengenezaji, vivinjari vya ziada. Ni bure, na mara nyingine inatosha.

Hatua ya 3: Jiulize mashine inafanya kazi gani

Andika kwenye karatasi vitu unavyovifanya kwa wiki, siyo unavyotamani kuvifanya. Watumishi wa serikali wanaingia ESS, mfumo wao wa mtandaoni, kwa likizo, uhamisho na tathmini ya kazi. Wazabuni wanaingia NeST, mfumo wa manunuzi ya umma. Mfanyabiashara anaingia kwenye mifumo ya TRA. Mwanafunzi anaomba mkopo HESLB kwa mtandao. Yote hayo yanapita kwenye kivinjari, na vivinjari ndivyo vinavyoamua umri wa Windows unaoweza kuishi nao.

Hilo ndilo linaloua wazo la kurudi Windows 7, ambalo bado nalisikia sana, hasa kwa watu wa steshenari. Ni kweli ilikuwa nyepesi. Ilitoka 22 Oktoba 2009 na usaidizi wake wa kawaida ukafungwa 14 Januari 2020. Chrome iliiaga kwenye toleo la 109. Kuanzia la 110, Februari 2023, haiingii tena. Firefox iliishia kwenye 115. Maana yake ni kwamba kila mwezi tovuti moja zaidi itakuandikia kivinjari chako ni cha zamani, mpaka siku utakaposhindwa kuingia unapopahitaji, tena siku ya mwisho ya kutuma maombi.

Tena kuna usalama. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kwa kupenya kwenye tundu la mtandao la Windows, na kompyuta nyingi zilizoathirika zilikuwa za Windows 7 ambazo hazikusasishwa. Mashine ya steshenari inapokea flashi za watu wote wa mtaa kuanzia asubuhi hadi jioni. Kama kuna kompyuta isiyofaa kuwa na Windows 7 iliyounganishwa kwenye intaneti, ni hiyo.

Hatua ya 4: Amua

Rudi nyuma ikiwa ulihamia Windows 11 siku chache zilizopita na kitu kilichokuwa kinafanya kazi kimekufa: sauti, Wi-Fi, printa, alama ya kidole. Hii ndiyo sababu safi kuliko zote, na Windows yenyewe inakupa mlango wa kurudi. Njia iko kwenye hatua ya 6.

Rudi nyuma pia ikiwa prosesa haifikii masharti ya Windows 11, Windows 11 iliingizwa kwa nguvu, na toleo lake limeshafungwa. Hapo Windows 10 ni mahali pa kupumzikia, si pa kuhamia. Usaidizi wake wa kawaida ulikwisha 14 Oktoba 2025, lakini Microsoft imeweka muda wa ziada wa masasisho ya usalama kwa watu binafsi, unaoitwa ESU, hadi 13 Oktoba 2026. Mashine inatakiwa iwe na toleo la 22H2 na uingie kwa akaunti ya Microsoft. Ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo, hulipi. Ukikataa, unaweza kutoa pointi 1,000 za Microsoft Rewards au dola 30. Kiungo cha kujiandikisha kinatokea kwenye Settings, Update & Security, Windows Update. Wapo watakaokuambia Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, peke yake inatosha kwa kuwa itaendelea kupokea orodha za virusi hadi Oktoba 2028. Orodha ya virusi inakamata mwizi anayejulikana sura. Haizibi dirisha lililovunjika.

Sababu ya tatu ni kifaa au programu ya zamani isiyokubali Windows mpya: mashine ya maabara, programu ya hesabu iliyonunuliwa miaka mingi nyuma, skana kubwa ya ofisini. Hapo rudi, hata Windows 7 ikibidi, lakini uikate kwenye intaneti kabisa. Zima Wi-Fi kwenye bayosi (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows), usichomeke waya wa mtandao, na flashi inayoingia humo ikaguliwe kwanza kwenye kompyuta nyingine. Ujue pia kwamba Windows 7 haiko tayari kwa mashine za kizazi cha 6 na kuendelea: kisakinishi chake hakina draiva (programu za kuendeshea vifaa) za USB 3.0 wala za NVMe, aina ya SSD za kisasa, kwa hiyo unaweza kufika kwenye skrini ya kwanza ukakuta kipanya na kibodi vya USB vimekufa.

Usirudi nyuma ikiwa prosesa ni ya kizazi cha 8 kwenda juu na una RAM ya GB 8 na SSD. Windows 11 hapo ndipo kwake. Wala usirudi kwa ajili ya sura. Kama kinachokuudhi ni menyu ya Start kuwa katikati, nenda Settings, Personalization, Taskbar, kisha chini kabisa kwenye Taskbar alignment chagua Left. Imekwisha.

Na kuna njia ya pembeni ambayo mimi naipenda kuliko kurudi nyuma, kwa mashine za kizazi cha 3 hadi cha 7 zinazotumika kuandika, kusoma na kuingia mtandaoni tu: Linux Mint, mfumo unaowekwa badala ya Windows, toleo lake jepesi la Xfce. Inaanza kutembea kwenye RAM ya GB 2, ikistarehe kwenye GB 4. Mint 22 ilitoka Julai 2024 na itapata masasisho hadi 2029. Hailipiwi. LibreOffice iliyomo inafungua mafaili ya Word na Excel, ingawa Excel yenye makro (amri zinazojiendesha) za karani inaweza kuvurugika, na programu ya hesabu ya QuickBooks haiingii. Printa za HP kwa kawaida zinakubali bila ubishi. Canon za leza za zamani ni mtihani. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi ukaijaribu siku nzima bila kugusa Windows yako. Jaribu Wi-Fi, sauti, printa, na ile tovuti unayoitegemea. Ikikushinda, unachomoa flashi.

Watu wengine watakutajia ChromeOS Flex, mfumo wa Google. Ni nyepesi, lakini karibu kila kitu chake kinategemea mtandao. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora nchi nzima. Kwa huku kusini nisingemshauri mtu aweke kazi yake yote kwenye mashine ya namna hiyo.

Hatua ya 5: Hamisha mafaili, kisha hamisha tena

Nunua au azima diski ya nje. Flashi ni ya kubebea, si ya kutunzia. Nakili Desktop, Documents, Downloads na Pictures, kisha ingia kwenye diski C kuona kama kuna folda ulizozitengeneza mwenyewe ukazisahau. Programu za hesabu huweka data mahali pake. Itoe nakala kutoka ndani ya programu yenyewe, kwa menyu yake ya Backup, usitegemee kunakili folda.

Jihadhari sana na OneDrive. Kwenye laptopu nyingi Desktop na Documents zimehamishiwa huko bila mwenyewe kujua. Faili lenye alama ya wingu pembeni halimo kwenye diski yako, lipo mtandaoni tu. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua Always keep on this device, subiri yote yashuke, ndipo unakili. Bando litaliwa, lakini ni nafuu kuliko kupoteza utafiti wa shahada.

Hifadhi nywila za kivinjari kwa kuingia kwenye akaunti yako ya Google au Microsoft na kuhakikisha usawazishaji umewashwa.

Kisha tafuta ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski la Windows. Kama uliingia Windows 11 kwa akaunti ya Microsoft, inawezekana diski imefungwa kwa ufunguo bila wewe kuomba. Toleo la 24H2 likipigwa upya linafanya hivyo lenyewe. Fungua aka.ms/myrecoverykey kwenye simu, ingia kwa akaunti ileile, andika zile tarakimu 48 kwenye daftari. Ukibadilisha kitu kwenye bayosi bila kuwa nazo, skrini ya bluu itakuomba ufunguo na hutakuwa na pa kwenda.

Hatua ya 6: Kurudi ndani ya siku 10

Baada ya kupanda kutoka 10 kwenda 11, Windows inatunza ile ya zamani kwenye folda ya Windows.old kwa siku 10. Ukisafisha diski kwa Disk Cleanup ukaifuta, mlango umefungwa.

Nenda Settings, System, Recovery, kisha Go back. Itakuuliza sababu, itakushauri utafute masasisho kwanza, wewe endelea. Mafaili yako yatabaki. Programu ulizoweka baada ya kupanda zitaondoka. Chomeka chaja, betri iwe imejaa, na usianze kazi hii jioni umeme unapoyumba. Ukihisi siku 10 hazitoshi kuamua, fungua Command Prompt kama Administrator kabla hazijaisha, uandike:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:30

Utakuwa na siku 30. Mwisho wake ni 60. Kitufe cha Go back kikiwa kimefifia, muda umepita au folda imefutwa. Nenda hatua inayofuata.

Hatua ya 7: Kupiga upya

Unahitaji flashi ya GB 8 au zaidi ambayo uko tayari kufutwa kila kilichomo. Pakua Media Creation Tool ya Windows 10 kutoka tovuti ya Microsoft, uitumie kuiweka Windows kwenye flashi hiyo. Faili lote ni la GB kadhaa, kwa hiyo tumia bando la usiku au mtandao wa ofisi. Epuka flashi za mtaani zenye Windows iliyopunguzwa na ile iliyokwisha kuamshwa (leseni yake kukubaliwa) kwa programu za wizi. Nyingi huzimiwa Defender makusudi, na hujui kingine kilichoachwa ndani.

Kabla ya kufuta, pakua draiva ya Wi-Fi ya laptopu yako kutoka tovuti ya mtengenezaji, iweke kwenye flashi nyingine. Ukimaliza kupiga Windows ukakuta hakuna mtandao, utaikumbuka.

Zima laptopu, chomeka flashi, washa huku ukigonga kitufe cha kuchagua pa kuanzia: HP ni F9, Dell na Lenovo nyingi ni F12, ASUS ni Esc. Acer pia ni F12, ila mara nyingi lazima kwanza uiruhusu kwenye bayosi kwa F2. Chagua flashi. Windows ikikuomba namba ya leseni, bofya I don't have a product key, kisha chagua edisheni ileile uliyokuwa nayo, Home kwa Home au Pro kwa Pro. Leseni ya kidijitali imefungwa kwenye bodi ya mashine, na inayoamsha 11 ndiyo inayoamsha 10, hivyo ukiunganisha mtandao itajiamsha. Isipojiamsha, inawezekana Windows uliyouziwa haikuwa na leseni tangu mwanzo.

Chagua Custom. Utaona orodha ya vipande vya diski. Kama kuna diski mbili, au uliacha mafaili kwenye kipande cha D, soma ukubwa wa kila kimoja mara mbili kabla ya kubofya Delete. Kama ndiyo siku unayoweka SSD, chomoa ile HDD kabisa mpaka umalize. Huwezi kufuta kisichochomekwa, na unabaki na nakala yako ya tatu.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza

Acha Windows Update imalize, iwake upya, ikague tena, mpaka iseme hakuna kilichobaki. Hii inaweza kuchukua siku nzima kwa mtandao wetu. Jiandikishe ESU siku hiyohiyo kama umerudi Windows 10, usingoje.

Fungua Device Manager utafute alama ya njano. Hiyo ni draiva iliyokosekana. Jaribu printa, kamera, sauti, na kuifunga laptopu kisha kuifungua, maana mashine za zamani mara nyingi husumbua kuamka usingizini. Rudisha mafaili kutoka diski ya nje, lakini usiifute kwa mwezi mzima. Kisha rudi Task Manager, ufanye kipimo kilekile cha hatua ya 2 ukiwa na kazi zilezile. Disk ikiwa bado imeng'ang'ania asilimia 100, hela inayofuata ni ya SSD. Ukishaiweka, na kama prosesa yako inaruhusiwa, hakuna tena sababu ya kukaa na Windows 10.